KUKU MMOJA AKIUGUA, KIJIJI KIZIMA KISIMAME

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa vikundi vinavyopenda kuyasoma kwa sauti siku ya mkutano.)

Tunashukuru kwamba mmeacha kazi za shamba asubuhi hii mkaja kusikiliza habari za kuku.

Tunajua kuna mtu amecheka kimoyomoyo. Kuku? Ng'ombe akiugua, daktari huamshwa usiku. Kuku akiugua, tunasema tu, "Mchinjeni kabla hajafa." Lakini hebu tutazame mambo yalivyo. Katika boma nyingi, kuanzia Molo mpaka Solai, ng'ombe ni wa baba, mahindi ni ya nyumba yote, na kuku ni wa mama na watoto. Kuku akiuzwa hakuna kikao kinachoitwa. Daftari la mtoto, sabuni, chumvi, nauli ya kwenda hospitali Nakuru, vyote hutoka hapo. Kwa hiyo kuku wakiisha, inayokwisha ni ile pesa ndogo ambayo mama anaishika kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo sababu tumeona jambo hili lizungumzwe wazi.

Tuanze na kuku mwenyewe.

Mtu aliyezoea kuku wake humjua mgonjwa asubuhi anapofungua mlango. Wazima hutoka mbio wakisukumana. Mgonjwa hubaki nyuma, amejikunyata, manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba, mabawa yameshuka. Usimfukuze atoke. Mshike polepole, mtenge, halafu ndipo umchunguze. Tunasema kumtenga ni kwanza, kwa sababu wengi wetu tumezoea kutafuta dawa kwanza. Siku mbili zinapita mtu akiulizia dawa kwa majirani, na mgonjwa bado anakunywa maji katika sufuria moja na wenzake.

Mahali pa kumtenga si lazima pawe pa gharama. Katoni, au tenga lililofunikwa kwa gunia, linatosha, mradi pawe pakavu, upepo usipite, na pawe mbali na wengine. Huko Molo, Kuresoi na Mau Narok baridi peke yake yaweza kummaliza kuku ambaye ugonjwa haukummaliza. Mweke nje karibu na ukuta wa jiko, ule unaopata joto, na utandike maranda au nyasi kavu. Ukishuka Rongai, Solai au Mogotio taabu ni jua. Huko mtafutie kivuli na umbadilishie maji mara kwa mara.

Maji hutangulia chakula. Kuku anayehara hukauka mwili kama mtoto anayehara. Mpe maji safi. Kama hawezi kuinua kichwa, mdondoshee pembeni mwa mdomo kwa kijiko, tone moja moja. Usimmiminie, maana maji yataingia kwenye mapafu na wewe ndiwe utakuwa umemuua. Akianza kunywa mwenyewe, mpe uji mzito uliopoa, au chakula cha kuku kilicholowekwa, na majani ya sukuma wiki yaliyokatwa madogo madogo.

Na mgonjwa huhudumiwa mwisho. Lisha wazima, wape maji, okota mayai, halafu ndipo uende kwa mgonjwa. Ukitoka kwake nawa mikono kwa sabuni, na viatu ulivyokanyagia kinyesi chake usirudi navyo kwa wazima. Watoto waambiwe hivyo hivyo, kwa maana wao ndio hupenda kumbeba kuku mgonjwa wakimhurumia.

Sasa mchunguze. Mpapase kidari. Mfupa ukisimama kama kisu, ujue huyu hakuanza kuugua jana. Mara nyingi ni minyoo au ugonjwa uliokaa mwilini. Funua manyoya chini ya mabawa na karibu na sehemu ya kunyea, utaona chawa wakikimbia. Angalia kilemba na kando ya macho: kuna viroboto weusi ambao hung'ang'ania hapo na hawatoki kwa kupukuswa. Angalia miguu: magamba yakiinuka na kufanya ukoko mweupe, huo ni utitiri umeingia chini yake. Hayo unayaweza mwenyewe. Miguu ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uipake mafuta ya kupikia au mafuta mazito ya kujipaka, urudie baada ya siku chache mpaka ukoko utoke. Viroboto wa usoni nao wapake mafuta hayo hayo wakose pumzi, ila mafuta yasiingie jichoni. Kwa chawa kuna unga wa dawa katika maduka ya agroveti. Na kuku wenyewe ukiwawekea shimo la mchanga mkavu na majivu wataoga bila kuambiwa. Lakini dawa ya kuogeshea ng'ombe, iliyochanganywa kwa kukisia, usimpake kuku. Yaweza kumuua siku hiyo hiyo.

Kisha angalia kinyesi. Chenye damu kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita, mara nyingi ni kuhara damu, ugonjwa unaopenda sakafu yenye unyevu. Huo una dawa ya kutia katika maji, na ukiwahi wengi hupona. Lakini ukitoa dawa na kuacha matandiko yakiwa majimaji, utakuwa unanunua dawa kila mwezi. Uso ukivimba na pua kutoa uchafu wenye harufu mbaya, ni mafua ya kuku, nayo yana dawa, ila umwone daktari wa mifugo akuambie ni ipi. Vidonda vyenye ukoko mweusi kwenye kilemba na kando ya mdomo ni ndui ya kuku, ambayo huenezwa hasa na mbu. Ndui haina dawa ya kuiua, lakini kuku akioshwa macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na akisaidiwa kula, wengi hupona.

Hapa tuseme jambo ambalo huenda halitapendeza. Kuna desturi ya kufungua kapsuli za binadamu zilizobaki nyumbani na kuzimimina katika maji ya kuku. Wengine hugawa kapsuli moja kwa kuku kumi. Jamani, hapo hakuna aliyetibiwa. Vijidudu vinapoonjeshwa dawa kidogo kidogo vinaizoea, na siku mtoto wa nyumba hiyo atakapohitaji dawa ile ile, huenda isimfanyie kazi. Tena dawa hukaa ndani ya mayai na nyama kwa siku kadhaa. Kila dawa ya mifugo ina maandishi yanayosema ni siku ngapi usile wala kuuza mayai. Kama maandishi ni madogo, mwite mtoto wa shule akusomee.

Mpaka hapo tumesema juu ya kuku mmoja. Lakini kuna ugonjwa ambao kumtunza kuku mmoja hakusaidii kitu, na huo ndio uliotuleta hapa.

Mnaujua. Wengi wetu hatuuiti hata jina, tunasema tu, "Ugonjwa wa kuku umepita." Kwa Kiswahili ni kideri, na maafisa wa mifugo huuita Newcastle. Jina hilo limetoka katika mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza, ambako ulitambuliwa mwaka 1926, mwaka ule ule ulipoonekana katika kisiwa cha Java. Hapa Kenya uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1935, karibu na Mombasa. Kwa hiyo tumeishi nao kwa karibu miaka mia moja, na bado kila mara unatukuta kama mgeni.

Dalili zake: kuku anatweta mdomo wazi, anahara majimaji ya kijani, mabawa na miguu vinalegea. Shingo inapinda, kichwa kinageuka nyuma au kinazunguka. Wanaotaga wanaacha, au wanataga mayai yenye ganda laini. Wengine hufa kabla hujaona dalili yoyote. Mahali ambapo kuku hawakuchanjwa unaweza kuingia na kuku arobaini wakabaki watatu. Ila tuwe waangalifu: kinyesi cha kijani peke yake hakitoshi kusema ni kideri, kwa maana homa ya matumbo ya kuku na kipindupindu cha kuku pia huweza kukileta, na hizo zina dawa. Kitu kinachotutisha ni pale vifo vinapokuwa vingi ndani ya siku chache, kwa kuku wa rika zote, na kwa jirani pia wanaanza.

Kideri hakina dawa. Si ya duka, si ya mti. Hatuwadharau wazee wanaotumia mshubiri na pilipili. Maji yenye mshubiri hayajamdhuru jirani yeyote. Lakini katika kila kideri kuna kuku mmoja au wawili wanaosalia hata bila kupewa chochote, na aliyepewa pilipili akisalia, pilipili ndiyo hupata sifa. Wale wengine thelathini waliopewa pilipili wakafa, hakuna anayewataja.

Basi unatoka wapi? Wengine husema unaletwa na upepo, kwa sababu mara nyingi tunauona wakati wa vumbi na kiangazi. Upepo una sehemu yake, lakini sehemu kubwa tunaibeba sisi wenyewe. Umo katika kinyesi na makamasi ya mgonjwa. Hushika viatu, matenga ya wachuuzi, gurudumu la baiskeli, trei za mayai, na gunia la chakula lililoazimwa. Kuku aliyeupata anaweza kukaa siku tano au sita, wakati mwingine hata wiki mbili, akila na kuonekana mzima. Mnaona hatari? Umemnunua sokoni akiwa mchangamfu, umemleta nyumbani, na baada ya wiki unasema majirani wamekuroga kuku.

Angalieni barabara yetu hii kubwa inayotoka Nairobi, kupitia Naivasha, Gilgil na Nakuru, kupanda mpaka Salgaa na kuelekea Eldoret. Kuku wanapanda juu ya matatu, wanateremka, wanachanganywa na wa sehemu nyingine, wasionunuliwa wanarudishwa nyumbani jioni. Huyo aliyerudishwa ni kuku mgeni kama yule aliyenunuliwa. Ameshinda siku nzima na wagonjwa wa watu. Karibu na Krismasi na Pasaka safari hizi huzidi. Kwa hiyo vumbi la Januari hulaumiwa kwa kazi iliyofanyika Desemba.

Na kuna jambo la uchungu zaidi, ambalo tumeliona katika vijiji vingi mno hata hatuwezi kulinyamazia. Kuku wawili wakifa usiku mmoja, mwenye boma hukusanya waliobaki alfajiri akawapeleka sokoni. Hatumwiti mtu huyo mwovu. Ana karo ya kulipa, na anaona pesa yake inakufa mbele ya macho yake. Lakini kuku wale ishirini wataingia katika boma ishirini siku hiyo hiyo. Na yeye mwenyewe mwezi ujao atakwenda soko lile lile kununua mbegu mpya, atauziwa kuku wa mtu mwingine aliyefanya kama yeye. Ndivyo ugonjwa unavyozunguka kama pesa ya chama.

Tukitaja chama, tuseme na hili. Vikundi vingi hapa vina mpango mzuri wa kununuliana kuku: kila mwezi mnachanga, mnanunua jogoo na matetea, mnawagawia wanachama kwa zamu. Tunaupenda mpango huo. Lakini kikundi kikinunua kuku thelathini sokoni asubuhi na kuwagawa jioni, mmefanya kazi ya mchuuzi kwa haraka kuliko mchuuzi. Boma kumi zimepokea kuku wageni siku moja, kwa nyimbo na vigelegele. Tunaomba kuanzia sasa kuku wa kikundi wakae kwanza mahali pamoja, kwa mwanachama mmoja ambaye hana kuku wake au ana mahali pa mbali pa kuwafungia, siku 14 kamili. Wachanjwe hapo. Walio wazima baada ya siku hizo ndio wagawiwe. Aliyekubali kuwalisha apewe kitu kidogo kutoka katika sanduku la kikundi, maana siku 14 za chakula cha kuku si mchezo.

Vivyo hivyo kuku wa zawadi. Shemeji akikuletea jogoo, mpokee kwa mikono miwili na umshukuru. Kisha jogoo huyo alale peke yake wiki mbili. Shemeji hatajua, na akijua hatakasirika.

Sasa kinga yenyewe, ambayo ni chanjo. Ipo, na hapa nchini hutengenezwa na taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI, na nyingine huletwa kutoka nje. Tumeulizwa mara nyingi, "Kama ipo, mbona kuku wetu bado wanakufa?" Jibu ni chupa. Chupa ndogo ya chanjo ina dozi mia moja au zaidi. Mama ana kuku kumi na wawili. Akiifungua, zilizobaki atazimwaga, kwa maana chanjo hii ikishachanganywa hufa baada ya saa chache. Pia safari yote kutoka dukani inataka baridi, ile ya friji, na nyumbani hakuna friji. Basi anaona ni hasara, anaacha. Jirani naye vivyo hivyo. Kumbe wakijumlisha kuku wao wote wanaijaza chupa moja na kubaki na kuku wanaongoja!

Ndiyo maana tunasema kideri ni ugonjwa wa kikundi. Mtu mmoja hawezi kununua robo ya chupa. Kumi wanaweza kununua chupa nzima, na kumtuma mtu mmoja Nakuru au Njoro kwa nauli moja. Hesabu ya kila mtu si ngumu: bei ya chupa na nauli, gawanya kwa idadi ya kuku, kila mmoja alipe kulingana na kuku alio nao. Mtaona kwamba tone moja ni senti kidogo ukilinganisha na bei ya yai moja au mawili.

Anayetumwa awe mtu makini. Aende na thamosi ya mdomo mpana au kisanduku cha baridi chenye barafu. Aitazame tarehe ya mwisho. Aangalie kwa macho yake chupa ikitolewa katika friji, si katika rafu karibu na mbolea. Kama umeme wa duka ulipotea siku mbili, aulize bila haya. Na asikubali kuuziwa chanjo iliyokwisha kuchanganywa, imetiwa katika chupa ya soda. Hayo ni maji tu. Zipo pia chanjo za aina inayostahimili joto kidogo, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, ambazo zimesaidia sana vijiji vya Tanzania na Msumbiji. Mwulizeni daktari wa mifugo kama anaweza kuwapatia. Hata hizo hazipendi jua.

Siku ya kuchanja, kuku wasifunguliwe asubuhi. Msione haya kuanza saa kumi na mbili. Kuku akishatoka huwezi kumshika tena, na mtoto atamkimbiza mpaka avunjike bawa. Changanyeni chanjo kama karatasi yake inavyosema, na muanze boma moja hadi jingine bila kukawia kwa chai. Mmoja ashike kuku amlaze ubavu, mwingine adondoshe tone moja jichoni, wangoje mpaka afumbe na kufumbua jicho, ndipo wamwachilie. Kifaranga hupata tone moja, jogoo mkubwa naye tone moja. Hapo watu hubisha sana, ati jogoo apewe mawili. Hapana. Mgonjwa asichanjwe. Mkimaliza, chupa ifukiwe, mikono ioshwe, na mtu asijiguse macho, maana chanjo hiyo pamoja na ugonjwa wenyewe huweza kuyafanya macho ya binadamu kuwa mekundu kwa siku chache.

Baada ya siku ngapi kuku amekingika? Hesabuni wiki mbili. Kwa hiyo kuchanja wakati kuku wa jirani wanakufa ni kuchelewa, na aliyekwisha kuupata atakufa hata baada ya kuchanjwa, kisha mtasema chanjo imemuua. Chanjeni kukiwa kimya. Tunapendekeza Machi, Julai na Novemba. Ile ya Novemba ifanyike mapema, kabla matenga ya Krismasi hayajaanza kupita. Chanjo nyingine zinataka kila miezi mitatu. Fuateni karatasi na daktari. Na katika mwezi wa katikati vimeshaanguliwa vifaranga ambao hawajaguswa, kwa hiyo msiruke zamu mkisema, "Si tulichanja mwaka huu."

Wale mliochukua kuku wa kienyeji walioboreshwa kutoka KALRO Naivasha, mambo yenu ni zaidi kidogo. Wale wanataga vizuri lakini hawapendi kuatamia, na wanahitaji chanjo nyingine kwa tarehe: Gumboro, ndui, homa ya matumbo. Mnapowachukua vifaranga ombeni ratiba iliyoandikwa, muitundike ukutani.

Ugonjwa ukishaingia je? Hapo ndipo tunataka kikundi kikae chini na kukubaliana, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika. Anayeona vifo vya ghafula ndiye anayejua kabla ya wengine wote, na ndiye mwenye sababu kubwa ya kunyamaza. Akisema, hatauza. Akinyamaza, atauza. Tukitaka aseme, basi kusema kusimtie hasara peke yake. Tunapendekeza kila kikundi kitenge fungu dogo: mwanachama wa kwanza kutoa taarifa, akawafungia kuku wake na asiuze hata mmoja, apewe na kikundi matetea wawili au watatu boma lake likishakuwa salama. Na aliyenyamaza akauza, asipewe kitu zamu hiyo. Idadi mtaamua wenyewe. Lakini iandikwe katika kitabu cha kikundi sasa, wakati hakuna anayelia.

Taarifa ipelekwe kwa afisa wa mifugo wa wadi. Tangu mwaka 2013 kazi hiyo iko chini ya kaunti, kwa hiyo msimtafute mtu wa Nairobi. Nakuru kuna maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo. Wapelekeeni kuku wawili au watatu wanaoumwa, au waliokufa saa hizo hizo, katika ndoo yenye kifuniko isiyovuja, na barafu kama ipo. Si kwa matatu mkiwa mmempakata. Taarifa hii ina maana kubwa kwetu tunaoishi karibu na maziwa ya ndege wengi, Nakuru, Elmenteita na Naivasha. Mnakumbuka Januari 2017, Uganda walipopata homa ya mafua ya ndege kando ya Ziwa Victoria, na Kenya ikasimamisha kuku na mayai kutoka huko. Kwa macho tu huwezi kuutofautisha ugonjwa ule na kideri. Maabara inaweza.

Waliokufa wafukiwe shimo refu, mbwa wasiweze kufukua, na mtie chokaa au majivu juu. Wasitupwe mtoni wala kwenye mtaro. Hatusemi mle kuku aliyekufa kwa ugonjwa, na hata yule aliyechinjwa akiwa mahututi, manyoya, damu na matumbo yake yakitupwa nyuma ya jiko yanaendeleza kazi ya ugonjwa. Nyumba ya kuku ifagiliwe, matandiko yachomwe, kuta zipakwe chokaa, milango iachwe wazi jua liingie. Ikae tupu mwezi mmoja angalau. Mwezi huo ni mrefu, tunajua. Aliyesalia baada ya kideri naye anaweza kuendelea kuutoa ugonjwa kwa siku nyingi, kwa hiyo asipewe wageni wa kukaa nao upesi.

Kwa mkutano ujao kila mwanachama alete idadi ya kuku wake, wakubwa kwa vifaranga, na katibu aiandike. Wahesabuni usiku wakiwa wamelala. Mchana kila mtu hutaja nusu. Tukishapata jumla tutajua ni chupa ngapi, na tutachagua wa kutumwa na siku ya kuchanja.

Maswali tunaweza kuyapokea sasa. Na yule mama aliyekuja na kuku wake katika kapu, tunamwomba asimwingize ndani. Amweke kivulini pale nje, tutamwangalia tukishamaliza na watu wengine wote.